Maji yanayotoka tumboni kwa baba yamepungua tangu abadilishiwe dawa za presha: je, vidonge vinaweza kugusa utando wa tumbo?

#1. Binti Kirumba (Jumapili, saa 3:10 usiku)

Habari za jioni, wanajamvi.

Baba yangu ana miaka 61, na figo zake zilishindwa kazi miaka 3 iliyopita. Alianzishiwa Nairobi usafishaji wa damu kwa njia ya tumbo, ule wa mifuko (dialisisi), ambapo maji yenye glukosi huingizwa tumboni kwa mpira, huvuta taka na maji ya mwili kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa. Tangu turudi Mwanza tunaufanya wenyewe nyumbani Kirumba mara 4 kwa siku: mifuko 2 ya glukosi asilimia 1.36 mchana, na 2 ya asilimia 2.27, mmoja wa jioni na mwingine wa kulala nao. Kila mfuko ni wa lita 2. Kila kinachotoka ninakipima kwa mizani ya ndoana niliyoinunua Mwaloni, ya kidijitali, na ninakiandika kwenye daftari.

Kwa mwaka mzima ziada ya siku, yaani maji yaliyotoka ukiondoa yaliyoingia, ilikuwa kati ya mililita 800 na 1,000. Wiki 5 zilizopita kliniki ilimbadilishia dawa: nifedipini ikaondolewa, akapewa losatani na atenololi, na furosemidi, ile tunayoiita Lasix, ikasimamishwa kwa maelezo kwamba figo zilizokwisha kufa hazina haja ya dawa ya kukojoza. Tangu wiki ya 2 baada ya hapo ziada imeshuka hadi 300 au 350. Uzito umepanda kutoka kilo 64 hadi 67 na nusu, na viatu vyake vya ibada havimwingii tena.

Naomba kuuliza: je, dawa inayomezwa kwa mdomo inaweza kubadilisha jinsi utando wa tumbo unavyovuta maji na taka, au ninatafuta mchawi mahali ambapo hayupo?

#2. Nesi Mstaafu, Ilemela (saa 3:34 usiku)

Pole sana, mwanangu. Kabla ya kuzungumza habari za utando, nijibu kwanza haya. Je, baba anaweza kulala chali bila kukosa pumzi? Je, maji yanayotoka ni meupe yanayoonyesha, au yana ukungu? Kama anakosa pumzi akilala, au maji yana ukungu, usisubiri majibu ya jamvini. Mpeleke hospitali usiku huu huu.

Kama yote mawili ni salama, niambie anapata choo kila baada ya siku ngapi, mkojo wake kwa siku ni kiasi gani, na unapimaje hiyo mifuko, hatua kwa hatua. Na tafadhali, asisimamishe dawa yoyote kwa sababu ya uzi huu.

#3. Mfamasia wa Nyegezi (saa 4:02 usiku)

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Utando wa tumbo wenyewe ni mwembamba na hauzuii mengi. Kinachoamua ni mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake, mingapi imefunguka na kuta zake zinapitisha nini. Dawa inayofungua mishipa inaweza kuongeza eneo la kubadilishana. Nitroprusaidi ikiwekwa ndani ya maji ya dialisisi ilionekana tangu zamani kuongeza utolewaji wa taka za damu, urea na kreatinini, na pia kuongeza protini inayopotea. Verapamili nayo ilijaribiwa kwa njia hiyo. Kwa vidonge vya kumeza vya kundi la nifedipini matokeo yamekuwa ya kupingana, lakini siwezi kusema havina athari yoyote.

Upande wa atenololi, kundi lake (beta-bloka, dawa zinazopunguza kasi ya moyo) lina historia isiyopendeza. Mwenzake mmoja, praktololi, iliwasababishia watu kadhaa utando wa tumbo kuwa mnene na mgumu, ikaondolewa sokoni katika miaka ya 1970. Tangu wakati huo dawa nyingine za kundi hilo zimekuwa zikishukiwa kupunguza uvutaji wa maji kwa wagonjwa wa mifuko, ingawa ushahidi dhidi ya atenololi yenyewe si imara. Mimi ningeanza kuuliza hapo: mzee amenyang'anywa dawa inayofungua mishipa na kupewa inayoibana.

Tena, atenololi hutolewa mwilini na figo. Kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hujikusanya, kwa hiyo mapigo ya moyo wake yahesabiwe kila asubuhi.

#4. Mwalimu wa Baiolojia, Ukerewe (saa 4:41 usiku)

Namheshimu sana Mfamasia, lakini bandiko namba 3 limechanganya mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe: kutoa taka ni jambo moja, na kuvuta maji ni jambo jingine, na mara nyingi yanakwenda kinyume.

Watu wa visiwani wataniruhusu nitumie nyavu. Ukuta wa mshipa mdogo una matundu ya aina 3, kama mtu aliyetandaza nyavu 3 zenye macho tofauti. Matundu makubwa ni machache sana, na ndiyo yanayopitisha protini. Matundu madogo ni mengi, na hupitisha urea, kreatinini, sodiamu na glukosi pamoja na maji. Kisha yako matundu finyu kupita kiasi, yasiyopitisha kitu chochote isipokuwa maji matupu. Hayo ni protini iitwayo akwaporini, ambayo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Ukitumia glukosi, karibu nusu ya maji yanayovutwa hupitia humo.

Sasa tazameni. Glukosi ndiyo inayovuta maji, lakini yenyewe nayo inanyonywa na damu kupitia matundu madogo. Mishipa mingi ikifunguka, taka hutoka haraka, na glukosi nayo huingia mwilini haraka, nguvu ya kuvuta inakwisha mapema, kisha maji yanaanza kurudi. Kwa hiyo, kama nifedipini ilikuwa imefungua mishipa ya mzee, kuiondoa kungepaswa kuongeza ziada kwenye ule mfuko wa usiku, si kuipunguza. Hoja ya Mfamasia inaweza kueleza kwa nini kreatinini ingepanda. Haielezi kwa nini maji yamepungua.

#5. Mfamasia wa Nyegezi (saa 5:05 usiku)

Nakubali sahihisho hilo, Mwalimu, na nashukuru. Hata hivyo usifunge mlango. Atenololi ikipunguza msukumo wa damu, na shinikizo ndani ya mishipa midogo likashuka, maji yanayosukumwa nje nayo hupungua. Mchango huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa glukosi, lakini mzee hutumia mifuko ya asilimia 1.36, ambayo hata kwa mtu mwenye utando mzuri huleta maji kidogo, mara nyingi chini ya mililita 200 kwa saa 4. Panapokuwa na kidogo, hata kidogo kikipungua kinaonekana.

Ipo pia dawa inayogusa maji bila kugusa taka. Kotikosteroidi, kundi la prednisoloni, huongeza akwaporini kwenye mishipa ya utando. Ilionekana kwanza kwa panya, kisha kwa wagonjwa wachache waliopewa dozi kubwa baada ya kupandikizwa figo: uvutaji wa maji uliongezeka, lakini kasi ya kupita kwa taka haikubadilika. Haina maana kwamba watu wazitumie kwa kusudi hilo, kwa kuwa madhara yake ni mengi mno, lakini inathibitisha kwamba dawa kutoka nje ya tumbo inaweza kufika kwenye matundu yale finyu.

#6. Mwenye Mifuko, Musoma (Jumatatu, saa 12:20 asubuhi)

Mimi si mtaalamu. Mimi ni mgonjwa mwenyewe, mwaka wa 4 sasa. Alilosema Mfamasia kuhusu prednisoloni limenigusa. Mwaka jana nilipewa kwa siku 10 kwa ajili ya pumu, na ziada yangu ilipanda kwa karibu mililita 200 kwa siku, nikafurahi. Lakini sukari ilipanda pia hadi nikashtuka, na dawa ilipokwisha ziada ikarudi ilipokuwa. Sijui kama ni hayo matundu, au ni kwa sababu siku hizo nilikuwa ninakula kidogo na kunywa kidogo.

Ila, dada yangu, kisa changu kikubwa ni cha vidonge vya kuongeza damu. Nilipoanza vidonge vya madini ya chuma choo kilifunga kwa siku 4, na maji yakawa yanatoka kwa kusuasua. Picha ya eksirei ilionyesha utumbo uliojaa umeusukuma mpira pembeni. Nilipopewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, nikafunguka, siku hiyo hiyo ilitoka karibu lita moja iliyokuwa imebaki ndani. Utando wangu haukuwa na kosa lolote.

#7. Kaka wa Igoma (saa 1:15 asubuhi)

Wakuu, mnazunguka mbali. Mzee anaishi Kirumba, jirani na dagaa. Punguzeni chumvi na samaki wakavu, na miguu itanywea bila kumbadilishia dawa yoyote. Halafu msisahau joto la miezi hii. Mtu akitokwa na jasho jingi, maji ya mifuko lazima yapungue.

#8. Nesi Mstaafu, Ilemela (saa 1:48 asubuhi)

Mwanangu wa Igoma, kuhusu chumvi umesema kweli na nimekusikia kwa furaha, maana wengi huogopa maji na kuisahau chumvi inayoleta kiu. Lakini chumvi hueleza uzito na kiu. Haielezi kwa nini mfuko ule ule, wenye glukosi ile ile, unaleta maji machache. Kwa jasho la kawaida, mfuko hauna habari.

Kuhusu samaki, tuwe waangalifu. Mgonjwa wa mifuko hupoteza gramu 5 hadi 15 za protini kila siku kupitia tumboni, hata bila maambukizi, kwa hiyo sato na sangara wabichi ni chakula chake halali na wala asinyimwe. Dagaa huliwa na mifupa yake, ambayo ina fosfati nyingi. Hapo ndipo pa kupima kwa kijiko. Katika wodi nimewaona watu waliokatazwa kila kitu mpaka albumini, yaani protini ya damu, ikashuka na miguu ikavimba kwa sababu hiyo hiyo.

#9. Binti Kirumba (saa 2:30 asubuhi)

Asanteni sana nyote. Nilikesha nikisoma.

Pumzi ni nzuri, analala chali. Maji yanaonyesha, nimesoma gazeti kupitia mfuko kama tulivyofundishwa. Choo: mwenye Musoma amenistua, maana baba alianza vidonge vya madini ya chuma wiki 4 zilizopita na sasa anapata choo kila baada ya siku 3. Mkojo: zamani alikuwa akipata karibu mililita 600 kwa siku, juzi nilipopima ulikuwa 250.

Kupima: ninaning'iniza mfuko uliotoka, ninaondoa uzito wa plastiki, kisha ninatoa 2,000. Ule unaoingia siupimi kwa sababu umeandikwa lita 2.

#10. Mhudumu wa Wodi ya Figo (saa 3:12 asubuhi)

Mimi ni daktari, lakini sitasema ninafanyia kazi wapi. Katika bandiko namba 9 yamo mambo makubwa 2 ambayo hakuna aliyekuwa ameyafikiria.

La kwanza ni mkojo. Binti, mzee wako amepoteza mililita 350 za mkojo kwa siku, na hilo peke yake linaweza kuleta uvimbe huo bila utando kuhusika. Kauli kwamba figo zilizoshindwa hazihitaji furosemidi si sahihi kwa mgonjwa ambaye bado anakojoa. Furosemidi kwa dozi ya kutosha huongeza maji na sodiamu kwenye mkojo. Hailindi uwezo wa figo kuchuja taka, na hata ukiiweka ndani ya maji ya tumboni haiongezi uvutaji, lakini kwa kutoa maji ina kazi yake. Mwombeni daktari wake alitazame hilo upya.

La pili ni mifuko. Viwanda hujaza zaidi ya kiasi kilichoandikwa, ili yawepo maji ya kusafishia mirija kabla ya kuingiza. Maji hayo ya kusafishia huishia kwenye mfuko wa kutolea, nawe unayahesabu kana kwamba yametoka kwa baba. Kuzidi kwa mililita 100 au zaidi kwa mfuko si jambo la ajabu; kwa mifuko 4 hesabu inapotoka vibaya. Je, mlibadilisha aina ya mifuko hivi karibuni?

Naomba pia niitetee losatani, kwa sababu naona itaonewa. Kundi lake na binamu zake wa kundi la ramiprili ndizo dawa za presha zenye sifa nzuri zaidi kwa wagonjwa wa mifuko. Jaribio la Hong Kong lililochapishwa mwaka 2003, lenye wagonjwa 60, lilionyesha kwamba waliopewa ramiprili walipoteza uwezo wa figo uliobaki polepole zaidi. Na wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka, utando wa waliotumia dawa hizo haukuongeza kasi ya kupitisha taka na glukosi kama wa wengine. Kitu kinachouzeesha utando kwa hakika zaidi kuliko kidonge chochote mlichokitaja ni glukosi yenyewe, mwaka baada ya mwaka, pamoja na kila maambukizi ya tumbo yanayopita.

#11. Binti Kirumba (saa 3:40 asubuhi)

Daktari, mikono inanitetemeka. Shehena mpya ilitoka kwa msambazaji mwingine na tulianza kuitumia wiki ile ile ya kubadilishiwa dawa, au siku chache baadaye. Katoni moja ya zamani imebaki chini ya kitanda. Nitapima zote.

#12. Mwalimu wa Baiolojia, Ukerewe (saa 4:25 asubuhi)

Hili la ujazo limenifundisha, na naliona linaweza kumeza nadharia zetu zote kwa mara moja. Lakini hata baada ya hesabu kusahihishwa, nashauri mfuko wa usiku uangaliwe peke yake. Mwili hunyonya maji kutoka tumboni wakati wote, kupitia tishu na mishipa ya limfu, kwa kiasi cha mililita 1 hadi 1.5 kila dakika. Kwa saa 9 za usingizi hiyo ni zaidi ya nusu lita inayorudi ndani huku glukosi imekwisha nguvu. Ndiyo sababu penye uwezo hutumika aikodekstrini ya asilimia 7.5 kwa usiku, ambayo molekuli zake ni kubwa na hunyonywa polepole.

#13. Mama wa Bukoba (saa 5:50 asubuhi)

Aikodekstrini ikitajwa, naomba tahadhari iandikwe pembeni yake. Mume wangu aliitumia tulipokuwa nje ya nchi, na ana kisukari. Tuliambiwa kwamba huvunjika kuwa maltosi katika damu, na baadhi ya mashine ndogo za kupimia sukari huihesabu maltosi kama glukosi. Zinasoma juu wakati sukari halisi iko chini, na mtu anaweza kujidunga insulini asiyoihitaji. Ulizeni aina ya mashine kabla.

Kuhusu vidonge na maji, kisa chetu ni cha dawa za kifua kikuu. Wiki ya 1 maji yalitoka rangi ya chungwa tukadhani ni damu; ilikuwa rifampisini tu. Wiki ya 3 presha ikapanda na miguu ikavimba. Ikaja kujulikana kwamba rifampisini huliamsha ini liivunje nifedipini kwa kasi, hivyo alikuwa anameza kidonge lakini ni kama hakukimeza. Ziada ya mifuko nayo ilipungua siku hizo, na hadi leo sijui lipi lilianza. Daktari mmoja alisema ni kifua kikuu chenyewe kwenye utando, mwingine akasema si hivyo.

#14. Mfamasia wa Nyegezi (saa 6:30 mchana)

Mama, kisa chako kina thamani kubwa. Kinanikumbusha kumuuliza Binti swali ambalo duka la dawa hunifundisha kila siku: je, mzee ananunua dawa yoyote ya maumivu?

#15. Binti Kirumba (saa 7:05 mchana)

Nimemuuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema magoti yalikuwa yanamsumbua, na kwamba amekuwa akinunua diklofenaki karibu kila siku kwa muda wa mwezi mmoja. Hakutaka kunisumbua.

#16. Mfamasia wa Nyegezi (saa 7:12 mchana)

Basi mkojo una mshukiwa wa pili. Diklofenaki huinyima damu sehemu ndogo ya figo inayofanya kazi bado, na ikikutana na losatani mzigo unaongezeka. Mwambieni daktari wake leo, atafutiwe dawa nyingine ya magoti. Mzee asilaumiwe, wagonjwa wengi hawahesabu dawa ya maumivu kuwa ni dawa.

#17. Mtaalamu wa Maabara, Geita (saa 10:15 jioni)

Nimesoma uzi wote. Kuna kipimo cha kumaliza sehemu kubwa ya ubishi huu: kipimo cha usawa wa utando, kilichoelezwa na Twardowski na wenzake mwaka 1987. Maji hukaa tumboni saa 4, kisha kreatinini ya majimaji hugawanywa kwa ile ya damu. Ikizidi 0.81 utando ni wa kasi, kati ya 0.65 na 0.81 ni wa kasi ya wastani, na kushuka chini. Wakitumia mfuko wa asilimia 3.86, wataona pia kama ziada haifiki mililita 400, ambayo ndiyo alama ya utando ulioshindwa kuvuta. Tena waombeni wapime sodiamu ya majimaji mwanzoni na baada ya saa 1. Maji matupu ya akwaporini huishusha. Isiposhuka zaidi ya milimoli 5 kwa lita, hapo hoja ya Mwalimu kuhusu matundu finyu inapata uzito.

Tahadhari moja: glukosi nyingi kwenye majimaji huidanganya njia ya kawaida ya kupimia kreatinini, ikasoma juu. Maabara ikiwa haifanyi marekebisho, utando wa kawaida unaweza kuitwa wa kasi.

#18. Binti Kirumba (Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 1:30 usiku)

Nimerudi na namba.

Mfuko wa zamani, bila plastiki, una mililita 2,160. Wa sasa una 2,090. Tofauti ni 70, mara 4 ni 280. Kwa hiyo, katika upungufu wa karibu 575 niliokuwa ninaulilia, 280 haukuwahi kuwa maji ya baba. Umebaki kama 295 ambao bado haujulikani. Na ziada yake halisi, hata katika mwaka ule mzuri, ilikuwa ndogo kuliko nilivyoamini.

Alipewa laktulosi, choo sasa ni kila siku, na mpira unatoa bila kusuasua. Ziada imepanda kwa 100 hivi. Diklofenaki ameacha. Furosemidi imerudishwa tangu Ijumaa, mkojo umefika 400, na kilo 2 zimeondoka. Nifedipini haikurudishwa, atenololi imebadilishwa kuwa kavediloli kwa sababu mapigo ya moyo yalikuwa 52.

Kipimo kilifanyika Jumatatu kwa mfuko wa asilimia 3.86: ziada mililita 520, uwiano wa kreatinini 0.79. Karatasi ya Nairobi ya miaka 2 iliyopita inasema 0.70. Sampuli ya sodiamu ya saa 1 haikuchukuliwa. Niliikumbusha mara 2, nikaambiwa haiko kwenye fomu.

#19. Mfamasia wa Nyegezi (saa 1:55 usiku)

Kutoka 0.70 hadi 0.79 ni kupanda. Utando umekuwa wa kasi zaidi, na 520 si mbali sana na 400. Miaka ya glukosi inaonekana hapo, kama daktari alivyosema.

#20. Mtaalamu wa Maabara, Geita (saa 2:10 usiku)

Au maabara 2 tofauti zenye njia 2 tofauti. Binti, ulizia kama hii ya sasa imerekebisha kwa glukosi. Kama haikurekebisha, 0.79 inaweza kuwa 0.72, na hakuna kilichopanda.

#21. Mwalimu wa Baiolojia, Ukerewe (saa 2:28 usiku)

Hata hivyo, dawa 4 zimeguswa ndani ya wiki moja, pamoja na choo na mizani. Hiyo 100 iliyorudi naona ni ya laktulosi, Mfamasia atasema ni ya kuondoka kwa atenololi, na sote wawili hatuna sodiamu ya saa 1 ya kutuamua.

#22. Mwenye Mifuko, Musoma (saa 2:40 usiku)

Nimepima mifuko yangu usiku huu baada ya kusoma bandiko namba 18. Ina 2,130. Miaka 4 nilikuwa ninaandika zaidi ya nusu lita isiyo yangu kila siku. Asante, dada, na umpe mzee salamu zangu.

#23. Nesi Mstaafu, Ilemela (saa 3:02 usiku)

Binti, kipimo kikirudiwa, nenda na karatasi uliyoiandika mwenyewe: sampuli ya mwanzo, ya saa 1, ya saa 2, ya saa 4, kila moja na nafasi ya sahihi. Umkabidhi sista wa zamu mkononi kabla maji hayajaingia, maana fomu hufuatwa kuliko maneno.

#24. Binti Kirumba (saa 3:20 usiku)

Nimeshaiandika, mama. Baba ameiongezea safu ya magoti, ili safari hii asifiche. Kliniki ni Alhamisi ya wiki ijayo, na nitaziweka namba hapa hapa.